Nyimbo Nane za Mkahawa wa Pickard

Kwa wapenda muziki wote wa bara hili na ng'ambo, kwa vizazi vilivyopo na vitakavyozaliwa: Tume Huru ya Roki ya Kale, baada ya utafiti wa kina, vikao vingi na mabishano makali, inayo heshima kubwa kutangaza rasmi nyimbo nane zilizo bora kuliko zote zilizowahi kupigwa chini ya jua. Uamuzi huu ni wa mwisho. Hauna rufaa.

Mwenyekiti wa Tume ni mimi, Emmett Sorrell, mwenye umri wa miaka kumi na sita. Katibu ni Fulton, tunayelala naye chumba kimoja shule ya bweni, ambaye aliunga mkono kila hoja kwa sababu nilikuwa nimemfichia viatu. Vikao vilifanyika bafuni. Huo utafiti wa kina ulikuwa kanda moja tu, tena sikuirekodi mimi.

Siku ya kwanza ya likizo nilimsomea mama tangazo hili jikoni. Alisikiliza mpaka mwisho kwa adabu zote, kisha akasema, "Vizuri sana, Mheshimiwa Mwenyekiti. Sasa katupe taka."

Nimeshazitupa. Naendelea.

Wimbo wa kwanza ni ule ambao kinanda kinapigwa kama mtu anayezima moto kwa viganja. Wa pili ni wa vijana wanne waliosimama kona ya mtaa wakiimba bila chombo chochote, na yule wa sauti nzito anafanya kazi ya ngoma, gitaa na mvua. Wa tatu una saksafoni inayolia kama mlango wa banda. Kuanzia wa nne hadi wa saba mwendo unazidi kupungua, mpaka ule wa saba unachezwa kwa kusimama tu na kuegemeana. Wa nane ni wa bwana mmoja anayemsihi mchumba aliyemwacha amrudishie angalau soksi zake, na kila baada ya neno soksi analia kama mbwa aliyekanyagwa mkia.

Utaona kwamba huo wa nane haufanani na wenzake. Tume nayo iliona, ikanyamaza.

Mji wetu wa Harlow Bend una makanisa matano na mkahawa mmoja, ndiyo maana Jumapili saa sita mchana watu waliokwisha kutengana kwa mafundisho hukutana tena kwa kuku wa kukaanga. Mkahawa ni wa Bi Wanda Pickard, na kabla yake ulikuwa wa baba yake. Kila meza ina kisanduku cha chuma kilichofungwa ukutani. Unatumbukiza sarafu, unafunua kurasa za majina ya nyimbo nyuma ya kioo, unabonyeza herufi na namba, na ile mashine kubwa ya santuri iliyo karibu na mlango wa jikoni inaamka. Wimbo unasikika mkahawa mzima, lakini hakuna ajuaye umeagizwa kutoka meza ipi. Kwa mtu mwenye tabia zangu, hicho si kisanduku. Ni wito.

Shuleni kwetu mashine za kufulia nguo haziendeshwi kwa sarafu, zinaendeshwa kwa tokeni za shaba zenye chapa ya shule, yaani bundi aliyeshika kitabu. Niligundua mapema kwamba visanduku vya Bi Wanda haviwezi kumtofautisha bundi na rais aliye kwenye sarafu. Mwaka jana nilimpigia Mchungaji Dunaway wimbo wa ng'ombe mlevi mara sita mfululizo alipokuwa akila paja la kuku. Alidhani ni Wamethodisti.

Lakini hata mimi nilikuwa na mpaka wangu, na mpaka huo ulikuwa ibada ya pili.

Ibada ya pili ilikuwa ya Babu Lonnie na Bibi Imogene, wazazi wa mama. Babu hukaa meza ya dirishani peke yake. Bibi hukaa meza ya pembeni, chini ya ndoano za makoti, pamoja na dada yake, Bibi Verna. Mama anafanya kazi hospitali Jumapili, kwa hiyo mimi hukaa meza ya katikati, kama Umoja wa Mataifa, na kupokea malalamiko ya pande zote mbili bila kuyatatua.

Kati ya meza ya Babu na ya Bibi yupo pia Mjomba Rudy, ingawa hakuna amwonaye. Alikuwa kaka yake mama. Alipokuwa na miaka kumi na saba aliomba gari aende dansini ng'ambo ya mto, usiku wa mvua. Bibi akakataa. Babu akamfuata barazani, akamtia ufunguo mkononi, akamwambia aendeshe polepole. Rudy hakurudi. Kabla ya mwezi kwisha Bibi akahamia kwa dada yake, na tangu hapo, miaka ishirini na miwili sasa, hajamsemesha mumewe. Humwambia mama, "Noreen, mwambie baba yako bomba la maji linavuja," na baba yake Noreen amesimama palepale ameshika spana.

Hawakuwahi kupeana talaka. Na kila Jumapili, pai ikishaletwa, Babu hutumbukiza sarafu yake na kubonyeza C4, wimbo wa kwanza. Bibi humalizia kahawa, huchukua mkoba wake, na kutoka kabla wimbo haujaisha. Mlango ukishafungwa nyuma yake ndipo watu wengine hugusa visanduku vyao. Hakuna aliyetangaza sheria hiyo. Hata watoto wanaijua.

Sasa niseme juu ya ile kanda. Nilipokuwa naondoka kwenda bweni, Babu alinipa kanda aliyoirekodi mwenyewe kutoka kwenye santuri zake. "Wakikucheka unavyoongea, wapigie hizi," alisema. "Ndizo mimi na bibi yako tulizokuwa tunazipiga pale kwa Pickard enzi za uchumba wetu. Nane. Kwa mpangilio huu huu, mpaka baba yake Wanda anatufukuza afunge." Kati ya wimbo na wimbo alikuwa anaongea. Baada ya wa saba anasikika akisema, "Na wa nane..." kisha tak, na kanda inavuma kama upepo mpaka mwisho.

Nilidhani kanda ilimwishia. Kule shuleni nyimbo zile zilinifanya mtu. Wavulana wenye baba mawakili walikaa sakafuni chumbani kwetu wakinisikiliza nikitoa mihadhara. Sikuweza kuwaambia kwamba elimu yote hiyo ni ya mzee mwenye lori bovu, kwa hiyo niliiita orodha yangu, na pengo la wa nane nikalijaza na soksi. Babu aliponiuliza kwenye simu kama naisikiliza kanda yake, nikamwambia imeliwa na redio wiki ya kwanza tu. Akasema, "Pole, mwanangu," kana kwamba nimeumia mimi.

Mwezi wa sita, Jumapili moja, mvua ilinyesha. Bibi Verna alikuwa amekwenda kuleta gari na hakurudi upesi, kwa hiyo wimbo wa kwanza uliisha Bibi Imogene bado amekaa. Haijawahi kutokea. Mkahawa mzima ukawa unachunguza sahani. Ulikuwa ukimya wa kumfanya mtu atake kupiga chafya. Mkono wangu, ambao una akili zake, ukaingia mfukoni, ukamtoa bundi, ukamtumbukiza kisandukuni, umejificha nyuma ya karatasi kubwa ya vyakula. Nikabonyeza F2. Vijana wanne wakaanza kuimba.

Babu aliinua kichwa kama mtu aliyeitwa jina lake. Akamtazama Bibi. Bibi alikuwa anatazama ndani ya kikombe. Honi ya Bibi Verna ikalia nje, ikalia tena, na Bibi hakusimama mpaka wimbo ulipokwisha.

Tulipokuwa kwenye lori, Babu hakuwasha injini.

"Umeusikia?"

"Upi, Babu?"

"Usijifanye mjinga, wajinga wa kweli nawafahamu. Ule wa pili."

"Si mtu yeyote tu angeweza kuubonyeza?"

"Mtu yeyote hajui kwamba baada ya ule unakuja huu. Watu wawili tu duniani ndio wanaojua." Akacheka kidogo. "Tungekuwa watatu, ila wewe redio yako ina njaa."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Nilifungua mdomo kabisa. Kisha nikauona uso wake, nikafunga mdomo.

Jumapili iliyofuata Bibi alibaki mwenyewe, bila mvua. Nikapiga wa tatu. Nilijiambia kwamba ni utani, na utani mzuri haukatizwi katikati. Wiki ya wimbo wa nne Babu alikwenda kunyoa. Wiki ya wa tano alikitoa stoo kile kiti cha bembea cha Bibi, akakisugua, akakipaka rangi nyeupe, akakiweka barazani, na alipoona nakitazama akasema, "Nini? Kiti ni kiti." Wiki ya wa sita Bibi aliniita mezani kwake. Nilikwenda nimejiandaa kuambiwa habari za bomba.

"Emmett," alisema, akikunja kitambaa cha mkono. "Mwambie babu yako nywele zile zinampendeza zikiwa fupi."

"Imogene!" Bibi Verna alisema, pai ikiwa mdomoni.

"Kula, Verna."

Nilipomfikishia Babu ujumbe, alikuwa anapanda lori. Alirudisha mguu chini, akakaa kwenye ngazi ya lori, akaniomba nirudie. Nikarudia. Akaniomba tena. Mara ya tatu nilisema haraka, nikilitazama tairi.

Wiki ya wa saba Bibi alifumba macho kuanzia mwanzo wa wimbo hadi mwisho.

Nilijua lazima niache. Lakini niache vipi? Mtu aliyekupandisha ngazi saba hakuachi hapo. Nilifikiri: nikishawapigia wa nane, watakuwa meza moja, na watu wakiwa meza moja nani anauliza maswali? Na wa nane niliokuwa nao ni mmoja tu. Kwa jinsi nilivyokwisha kuzoea kuuita wa nane, nilikuwa nimesahau kwamba nimeuokota.

Jumapili ile Babu alivaa tai. Ilikuwa tai ya kahawia, pana kama ulimi wa ndama, ya zama ambazo Mjomba Rudy alikuwa hai. Pai ililetwa, hakuigusa. Alibonyeza C4 yake, na kabla kinanda hakijamaliza kuzima moto wake, alisimama. Alipopita meza yangu alinigusa kichwani. Uma zote mkahawani zilisimama hewani. Bi Wanda alitoka jikoni ameshika birika, akabaki hapo.

"Lonnie," alisema Bibi Verna, "sitaki vurugu. Nakula."

"Kula, Verna." Kisha akasema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia ikitoka kwake, "Imogene. Nimekuja mapema. Nilisema huu wa nane nisije nikausikilizia kule peke yangu."

Bibi alimtazama moja kwa moja.

"Na mimi niliuogopa," alisema. "Wiki nzima sijalala. Nikajiambia, ukifika, nitasimama."

"Basi mimi niko tayari."

"Na mimi niko tayari, Lonnie."

Babu alinyoosha mkono. Bibi akaweka kitambaa mezani, akautia mkono wake katika mkono ule, akasimama. Wakasubiri, wamesimama hivyo chini ya ndoano za makoti, watu wawili wa miaka sitini, kama wanafunzi wanaosubiri kupigwa picha. Wimbo wa kwanza ukaisha. Mashine ikakaa kimya. Kila mmoja alikuwa anamsubiri mwenzake, na hakuna aliyemlaumu mwenzake kwa kuchelewa.

Nikamtumbukiza bundi. Nikabonyeza G9.

*Soksi*, alilia yule bwana, na ule mlio wa mbwa ukajaa mkahawa.

Mtu mmoja alicheka, nadhani Mchungaji Dunaway, akaacha ghafla. Babu aligeuza uso kuelekea kwenye mashine, polepole, kama mtu aliyepigwa kofi na anatafuta limetoka wapi.

"Lonnie," alisema Bibi. "Huu ni mzaha gani?"

"Mimi? Si wewe ndiye..."

"Mimi ndiye nini?"

"Unayejibu. Mimi napiga wa kwanza, wewe unajibu. Wa pili, wa tatu..."

"Mimi sijagusa kisanduku hiki tangu tumzike Rudy." Sauti yake ilikuwa imeanza kukatika. "Nilijua ni wewe. Nilisema, hatimaye Lonnie anazipiga zote. Anakuja nazo moja moja. Nikasema moyoni, mtu aliyeweza kufika wa saba ataweza kufika wa Rudy, na akifika huo kwa mkono wake mwenyewe, mimi nimemaliza naye ugomvi."

Yule bwana bado alikuwa anadai soksi zake. Babu aliingiza mkono mfukoni, akatoa sarafu. Akakiinamia kisanduku cha meza ya Bibi na kufunua kurasa mpaka akafika alipotaka. Nilikiona kidole chake juu ya kitufe. Kilikaa hapo muda mrefu. Akakiondoa.

"Siwezi," alisema. "Imogene, siwezi. Sijawahi kuweza."

"Najua," alisema Bibi.

Akautoa mkono wake katika mkono wa Babu, taratibu, jinsi mtu anavyoutoa mkono wake chini ya kichwa cha mtoto aliyelala. Akakaa. Babu akabaki amesimama na sarafu yake.

Bi Wanda aliweka birika chini, akaenda kwenye mashine, akachomoa waya. Soksi zikafa katikati ya neno. Kisha akavuta mnyororo wa funguo uliokuwa kiunoni, akaja. Alipita meza ya Mchungaji, akapita meza ya kina Hatcher, akasimama kwangu. Akakifungua kisanduku changu, akakinga sahani yangu chini yake. Bundi wa Jumapili za karibuni wakamwagika juu ya pai.

"Nimekuwa nawatoa humu tangu mwezi wa sita," alisema. "Nikadhani ni utundu wako wa kila siku, nikasema mtoto wa bweni ana upweke, nimwache. Nikawa nawaweka tu kwenye kopo." Akaokota mmoja, akamfuta sukari kwa kidole. "Mji mzima huu, Emmett, ni mmoja tu anayefua nguo kwa bundi."

Hakuna aliyenikemea. Ningelipa chochote nikemewe. Babu alikuja mezani kwangu hatua kwa hatua, akakaa upande wa pili, akawatazama wale bundi kwa makini, kama mtu anayesoma jina la mtu anayemfahamu.

"Huu wa soksi," aliuliza, "uliutoa wapi?"

"Niliutafuta tu, Babu. Kwa sababu kanda iliishia wa saba."

"Kwa hiyo redio haikuila."

"Haikuila."

"Na haikuishia wa saba," alisema. "Niliizima. Huo wa nane ndio mjomba wako alijifunzia kutembea, humu humu ndani. Alikuwa amenishika vidole viwili. Alipofika kwa mama yake akaviachia." Aliiweka sarafu yake mezani, mbali na bundi. "Nilitaka nikupe na wewe. Nikafika pale, nikaizima."

Nilijua hotuba nzuri kadhaa. Shuleni nimewahi kumshawishi mwalimu wa zamu kwamba mbuzi aliyekuwa maktabani alikuja kusoma. Nilitafuta hata moja, sikuipata, na machozi yalikuwa yanaangukia pai mbele ya Mchungaji, Wamethodisti na kina Hatcher wote.

"Ni mimi," nilisema. Sauti haikutoka vizuri, nikarudia kwa nguvu ili ifike meza ya pembeni. "Ni mimi, Bibi. Mara ya kwanza ulikuwa utani. Kisha Babu akakipaka kiti rangi, nikashindwa. Nilitaka siku moja nikae na nyie wote meza moja, basi. Na hata orodha si yangu. Shuleni nasema ni yangu, ni uongo, ni yenu nyie wawili."

Bibi alikuwa amekwisha kuchukua mkoba. Alisimama mlangoni, mkono wake juu ya kitasa, bila kugeuka.

"Zote ulipiga wewe?" aliuliza.

"Zote, Bibi," nilisema. "Isipokuwa wa kwanza. Huo alikuwa anaupiga Babu mwenyewe, kila Jumapili."